Valvu za Redio katika Nchi ya Kilimanjaro, na Namna ya Kujua Zimechoka

Katika nyumba za wazee wetu, tangu Machame hata Rombo, mtu aweza bado kuona sanduku la mbao lililopakwa vanishi, lenye kitambaa kizito mbele na vifundo viwili vitatu vya kuzungusha, na juu yake pamewekwa picha za harusi na za ubatizo. Sanduku hilo ni redio ya zamani, ile iliyofanya kazi kwa valvu kabla ya transista kuja. Mwenye kuinunua aghalabu amekwisha kufariki, na watoto na wajukuu hawapatani juu yake. Mmoja asema itupwe, maana haisemi. Mwingine asema ipelekwe mjini kwa fundi ikatiwe valvu mpya. Wa tatu asema isiguswe, kwa kuwa ni ukumbusho wa Babu. Shauri la namna hii halikatwi vema pasipo kujua kilichomo ndani ya sanduku, nacho kilichomo kina historia yake, iliyoanza mbali na hapa na kufika kwetu kwa njia ya kahawa.

Asili ya valvu ni taa ya umeme. Thomas Edison wa Marekani, alipokuwa akijaribu taa zake katika miaka ya 1880, aliona ya kuwa ndani ya kioo kilichotolewa hewa umeme waweza kuruka kutoka kwenye uzi unaowaka hata kwenye bamba lisilogusana nao. Aliliandika jambo hilo, walakini hakuliona faida yake. Mwingereza John Ambrose Fleming, aliyekuwa mshauri wa kampuni ya Marconi, ndiye aliyelirudia mwaka 1904, akatengeneza kioo chenye uzi na bamba, kinachopitisha umeme upande mmoja na kuuzuia usirudi. Kwa sababu hiyo kikaitwa valvu, kwa mfano wa kile kilango cha pampu kinachoyaruhusu maji kwenda wala kisiyaruhusu kurudi. Miaka miwili baadaye, yaani 1906, Lee de Forest wa Marekani alitia waya wa tatu katikati ya uzi na bamba, na huo ndio ulioleta ajabu. Umeme mdogo kabisa ukitiwa katika waya huo huutawala umeme mkubwa unaopita kati ya uzi na bamba. De Forest mwenyewe hakufahamu sawasawa kwa nini inakuwa hivyo. Ilikuwa kazi ya wengine, na miongoni mwao Irving Langmuir, kuonyesha mnamo mwaka 1913 ya kuwa valvu haiwi na uaminifu mpaka hewa yote iondolewe ndani yake, libaki ombwe tupu.

Sisi tuliozaliwa milimani hatuhitaji kwenda mbali kupata mfano wa kazi ya valvu, maana tunao mfongo. Wazee wetu waliyakamata maji ya mito huko juu karibu na msitu, wakayaongoza kwa mifereji ubavuni mwa mlima hata yakafika vihambani, migombani na kwenye kahawa. Kila mtu anayo zamu yake, na mahali maji yanapoingia kihambani mwake pana kizibo cha udongo na magome ya mgomba. Mtoto mdogo aweza kukiinua kizibo kile kwa mkono mmoja, na maji mengi ambayo yangeweza kumwangusha hutii mkono wake. Basi, waya ule wa tatu, ambao tutauita wavu, ndio kizibo. Sauti dhaifu inayodakwa hewani na waya wa redio ndiyo mkono wa mtoto. Umeme wa betri, au wa mtambo, ndio mto. Spika haisemi kwa nguvu za sauti iliyotoka Nairobi au Dar es Salaam, maana ikifika kwetu nguvu hizo ni kidogo mno. Husema kwa nguvu za umeme wa hapa hapa, ukitawaliwa na sauti ile.

Na chemchemi ya mfongo huu ni nini? Ni kathodi, kifimbo kidogo kilicho katikati ya kioo, kilichopakwa unga mweupe wa bariamu na strontiamu, ambacho kikipashwa moto hutoa elektroni, chembe za umeme zisizoonekana. Hapo ndipo penye asili ya uchovu wa valvu. Unga ule hautoi elektroni milele. Saa baada ya saa hupungua nguvu, kama chemchemi ya kiangazi, na siku itafika maji hayatoshi kufika kihambani hata kizibo kikifunguliwa chote. Hapo hakuna fundi awezaye kuitengeneza. Dawa yake ni kuiondoa na kuweka nyingine. Valvu ni kama tambi ya taa, imekusudiwa kuisha. Ndiyo sababu waliotengeneza redio hizo hawakuziunga valvu kwa risasi ya moto kama sehemu nyingine, bali waliziweka juu ya vitako zichomolewe kwa mkono.

Redio ilifikaje kwetu? Reli ya kutoka Tanga ilikuwa imekwisha kufika Moshi kabla ya Vita Kuu ya 1914, na kahawa ya wakulima wa Kichaga ikapata njia ya kwenda pwani. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, na mwaka 1933 kikafuata chama cha ushirika cha KNCU, ambacho jina lake kila mtoto wa Moshi analijua. Katika miaka hiyo ya 1930 ndipo palipojengwa mtambo wa umeme wa maji wa Kikuletwa, kusini ya mlima, na nyumba za mjini Moshi zikaweza kupata umeme. Nairobi ilikuwa imeanza kutangaza mwaka 1928, lakini matangazo yale yalikusudiwa kwanza kwa walowezi, na masanduku ya kuyasikiliza yalikuwa mali ya walowezi, maofisa na wenye maduka. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, Serikali ya Kenya iliona haja ya kuwapa Waafrika habari kwa lugha zao, na Kiswahili kikaanza kusikika hewani. Dar es Salaam ilianza kutangaza Julai 1951, ikijulikana kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwanzoni nguvu zake zilikuwa ndogo, zikaongezwa baadaye, na mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika.

Mwaka ule ule wa 1951 Wachaga walimchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, na bei ya kahawa katika soko la dunia ilikuwa ikipanda. Mambo haya mawili hayakupangwa pamoja na kuanza kwa Sauti ya Dar es Salaam, ila yalikutana. Palikuwa na fedha mkononi mwa mkulima, palikuwa na habari za siasa ya nchi yake za kusikilizwa, na palikuwa na sauti ya Kiswahili hewani. Katika miaka hiyo redio ilipanda mlima.

Walakini umeme haukupanda pamoja nayo. Waya za Kikuletwa zilikomea mjini na penye mashamba makubwa, na kihambani palikuwa na taa ya mafuta. Kwa hiyo redio ya mlimani ilikuwa ya betri, na hapo hesabu ilikuwa kali. Tutoe mfano unaojulikana sana, ingawa ni wa nchi ya jirani. Mwaka 1949 huko Lusaka, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ofisa aitwaye Harry Franklin aliyesimamia habari na utangazaji aliishawishi kampuni ya Ever Ready itengeneze redio ya bei nafuu kwa Waafrika. Mwili wake ulikuwa sufuria ya alumini iliyopakwa rangi ya buluu, ndiyo maana ikaitwa jina la sufuria. Ndani yake mlikuwa na valvu nne. Bei yake ilikuwa paundi 5, yaani shilingi 100 za wakati ule, na betri yake kubwa ilikuwa shilingi 25 na kudumu kadiri ya saa 300. Mwenye kusikiliza saa mbili kila jioni angemaliza betri katika miezi mitano. Maana yake, kila mwaka angetumia shilingi 60 kwa betri tu, zaidi ya nusu ya bei ya redio yenyewe. Redio haikuwa kitu cha kununua mara moja. Ilikuwa kama ng'ombe wa maziwa aliyefungiwa zizini, sharti akatiwe majani kila siku.

Na katika hesabu hiyo valvu iliingia kama mgeni asiyealikwa. Betri ikiisha, mtu hujua, maana alikuwa akihesabu. Valvu ikichoka, haipigi hodi. Sauti hupungua kidogo kidogo, na mwenye redio huongeza kifundo cha sauti, kesho tena, na kesho kutwa tena, mpaka kifundo hakizunguki zaidi. Ndipo asemapo, betri imekwisha. Hununua betri mpya kwa shilingi zake, na sauti haibadiliki. Sisi twaona ya kuwa hapa ndipo ujuzi wa fundi ulipokuwa na thamani kuliko vifaa vyake, kwa maana kosa moja la kukisia lilikuwa bei ya debe kadhaa za mahindi.

Basi, zipi dalili za valvu iliyochoka? Tuanze na redio za betri. Valvu zake hazina kifimbo kilichopashwa moto na uzi mwingine. Uzi wenyewe ndio uliopakwa unga, nao wapashwa kwa volti moja na nusu tu. Mwanga wake ni hafifu, mchana hauonekani kabisa. Mtu asiyejua akichungulia na kuona giza, hudhani valvu imekufa, akaitupa nzima. Dalili ya kweli ni nyingine. Redio ikiwa yakamata stesheni za mawimbi ya kati, lakini mawimbi mafupi yamenyamaza kabisa, au yasikika redio inapowashwa kisha yapotea, valvu ya kwanza kabisa ndiyo ya kushukiwa, ile inayochanganya mawimbi, ambayo katika redio nyingi jina lake ni DK91 au DK92. Kazi yake katika mawimbi mafupi ni ngumu, kwa hiyo hushindwa huko kwanza. Ila betri iliyopungua nayo hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo sharti betri ipimwe kabla ya kuihukumu valvu.

Redio za umeme wa nyumbani zina dalili nyingi zaidi, na nyingine huonekana kwa macho. Ndani ya kioo, kwa kawaida upande wa juu, pana doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Ni bariamu, iliyowekwa humo kiwandani ili ile hewa kidogo iliyosalia iliwe nayo. Doa hilo likiwa bado lang'aa, ombwe lipo. Likiwa limekonda kingoni na kugeuka rangi ya kahawia, valvu imefanya kazi nyingi, ingawa yaweza kuendelea. Likiwa jeupe kama maziwa, kioo kimepasuka au kimevuja, hewa imeingia, na habari ya valvu hiyo imekwisha; hakuna haja ya kuipima. Twaweza kusema hii ndiyo dalili ya pekee ambayo mtoto wa shule aweza kuamua bila kukosea.

Dalili ya pili ni ya saa. Redio ya valvu haisemi mara inapowashwa. Hungoja kathodi zipate moto, kiasi cha nusu dakika hivi. Ikianza kuchukua dakika mbili au tatu, na sauti ikaja kwa kupanda polepole, chemchemi inakauka. Tena sauti hukwaruza inapoongezwa: wimbo laini wasikika vema, lakini tarumbeta na ngoma zinapoingia hukoroma kama mwenye mafua. Hiyo aghalabu ni valvu ya mwisho, inayoisukuma spika, kwa maana ndiyo inayobeba mzigo mkubwa kuliko zote. Yeye na valvu inayougeuza umeme wa kwenda na kurudi uwe wa upande mmoja hutangulia kuchoka. Kwa makadirio yanayokubaliwa na wengi, valvu ya mwisho hudumu saa 2,000 hata 5,000, na zile ndogo za mwanzoni hufika 10,000 na kupita. Mwenye kusikiliza saa tatu kila siku hutimiza saa 1,095 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo valvu ya mwisho ingebadilishwa baada ya miaka miwili hata minne na nusu, na zile ndogo zingeweza kukaa miaka tisa na zaidi. Fundi anayetaka kubadilisha valvu zote mara moja kwa sababu moja imechoka, hamtendei mwenye redio haki.

Ipo pia dalili ya kugonga. Chukua penseli, gonga kila kioo taratibu redio ikisema. Ikilia kama kengele katika spika, vyuma vya ndani vimelegea. Ikikwaruza, usiihukumu kwanza. Iondoe redio ikiwa imezimwa na kupoa, safisha miguu yake na kitako chake, irudishe, ugonge tena. Katika nchi yenye ukungu na mvua kama yetu, kutu ya miguu imezifanya valvu nyingi nzima zionekane mbovu.

Kuhusu rangi za mwanga, hapa pana kutishika bure na pana kutotishika panapostahili. Mwanga wa buluu uliotanda kwenye kioo chenyewe cha valvu kubwa si ubaya, na waweza kuonekana hata katika valvu mpya. Lakini mwanga wa zambarau ulio katikati, baina ya vyuma, ni dalili ya hewa iliyoingia. Na lile bamba la nje likianza kuwaka jekundu kama jembe lililotoka kwa mhunzi, redio na izimwe papo hapo, maana dakika chache zatosha kuiua valvu na kuunguza transfoma pamoja nayo.

Hapo kwenye bamba jekundu ndipo palipo jambo ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko mengine yote. Wazee wa mfongo, maji yasipofika, hawaanzi kwa kumlaumu mtu wala chemchemi. Huandamana wakaufuata mfongo tangu juu hata chini, wakitazama kila kona, kwa maana aghalabu maji hayakukauka, yamepasua ukingo mahali fulani na kumwagika korongoni. Ndani ya redio kingo za mfongo ni kapasita, vile vipande kama sigara vilivyofungwa kwa karatasi na nta. Kapasita moja husimama mlangoni mwa valvu ya mwisho, kazi yake ni kuipitisha sauti na kuuzuia umeme mkubwa. Karatasi yake ikinywa unyevu, umeme huanza kuvuja. Wavu hupata umeme usiopaswa, kizibo chafunguka daima, valvu yapitisha kupita kiasi, bamba lawaka, na baada ya miezi michache valvu imekufa kabla ya saa zake. Viwanda vya Ulaya vilijua kwamba unyevu wa nchi za joto huziharibu kapasita za karatasi, ndiyo maana vikatengeneza redio maalum za kupelekwa huku, lakini hata hizo hazikuokoka na miaka. Basi fikiri juu ya mtu wa Kibosho aliyeshuka Moshi na redio yake, akatiwa valvu mpya, akapanda nayo kwa furaha, na mwaka haujaisha ikafa ile mpya kama ya kwanza. Alinunua valvu mbili, na ugonjwa ulikuwa katika kipande cha senti chache. Ya pili aliilipia kwa sababu hakuna aliyeufuata mfongo.

Kadhalika mngurumo mzito usiokoma, hata sauti ikipunguzwa kabisa. Wengi huulaumu kwa valvu, na pengine ni kweli, lakini mara nyingi zaidi umetoka katika zile kapasita kubwa zinazotuliza umeme. Na redio nzima ikiwa giza, valvu zote hazina mwanga hata moja, mtu asidhani zote zimekufa pamoja. Zipo redio ambazo nyuzi za valvu zake zimefungwa kwa mfuatano mmoja kama shanga. Uzi mmoja ukikatika, wote huzimika. Iliyokatika ni moja tu, na kipimo cha umeme huionyesha kwa dakika moja.

Majina ya valvu yenyewe humfundisha mwenye kuyasoma, na ni vibaya kwamba fundi wengi waliyachukua kama namba tu. Katika mpango wa Ulaya, herufi ya kwanza hutaja umeme wa uzi: D ni volti 1.4 za betri, E ni volti 6.3, U ni zile za mfuatano mmoja tulizozitaja. Herufi inayofuata hutaja kazi: L ni ya kusukuma spika, F ni ya kukuza mawimbi, Y na Z ni za kunyosha umeme. Hivyo EL84, iliyotoka katika miaka ya 1950 na kutumiwa katika redio na gramafoni nyingi, ni valvu ya volti 6.3 ya kusukuma spika. UL84 yafanana nayo kwa umbo na miguu, lakini ukiiweka moja mahali pa nyingine utaharibu. Wamarekani wana mpango wao, kama 6V6, ambapo namba ya kwanza hukaribia volti za uzi.

Kipimo cha mwisho cha valvu ni redio yenyewe. Ipo mitambo ya kupimia, na ile ya Kiingereza ya AVO ilisifiwa sana, lakini fundi mwenye valvu moja nzima ya kila aina sandukuni mwake hakupungukiwa. Huchomoa moja, huweka nzima, husikiliza. Kama hakuna tofauti huirudisha ile ya kwanza na kwenda kwa inayofuata. Abadilishaye mbili kwa pamoja hajui ipi imemponya.

Historia ya valvu katika mlima wetu haikuwa ndefu. Transista ilikuwa imekwisha kuvumbuliwa Marekani Desemba 1947, kabla hata ya redio ile ya sufuria. Hata hivyo, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Tanganyika ilipopandishwa Dar es Salaam na mwenge wa Luteni Alexander Nyirenda ukafikishwa kileleni, juu ya vichwa vyetu wenyewe, redio nyingi zilizotoa habari zilikuwa bado za valvu. Mlima wenyewe haukuonyesha kitu kwa aliyesimama kihambani. Aliyetaka kujua habari za usiku ule sharti asikie redio. Hata Radio Sauti ya Injili ilipoanza kutangaza kutoka Addis Ababa Februari 1963, na vipindi vyake vya Kiswahili kutengenezwa hapa Moshi, bado palikuwa na sanduku la mbao kwenye meza za wasikilizaji. Stesheni hiyo ilitwaliwa na serikali ya kijeshi ya Ethiopia Machi 1977, na wakati huo sanduku la mbao lilikuwa limekwisha kunyamaza karibu kila mahali. Redio ndogo ya transista, yenye betri za tochi, ilikuwa imelishinda kwa hesabu ile ile ya shilingi. Watu walipokusanyika kwa makundi mwaka 1973 kusikiliza mafunzo ya Mtu ni Afya, walikusanyika mbele ya transista. Na bidhaa za ng'ambo zilipoadimika mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, valvu ilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo hakuna aliyeviagiza. Redio nyingi zilinyamazia hapo kwa kukosa valvu moja.

Leo valvu zatengenezwa tena kwa wingi kidogo, huko Urusi, Slovakia na China, kwa ajili ya wapiga gitaa na wapenda santuri. EL84 yaweza kuagizwa, na itatoshea. Zile ndogo za betri hazitengenezwi, ila zipo za zamani ambazo hazijatumiwa. Kwa hiyo aliyerithi sanduku la Babu aweza kulifufua, kama atafuata mpango. Asiliwashe kwanza kwa hamu, kwa maana kapasita zilizolala miaka 40 zitaiua valvu iliyo nzima. Fundi na abadilishe kapasita, ndipo awashe, ndipo azipime valvu moja moja. Tena akumbuke ya kuwa kapasita kubwa huweza kushika volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani; sharti zimwagwe umeme wake kabla ya mkono kuingia.

Na akisha kulifufua atasikia nini? Stesheni za Moshi siku hizi hutangaza kwa FM, ambayo sanduku lile halikuumbwa kuisikia, na mawimbi mafupi ya Kiswahili yamepungua mno. Lakini nyuma ya redio nyingi pana matundu mawili ya kuunganishia gramafoni, nayo hupokea hata sauti ya simu ya mkononi kwa waya. Hapo valvu husema tena. Ila herufi ya kwanza ya valvu zake na isomwe kabla ya kuunganisha kitu chochote. Ikiwa ni U, mwili wa chuma wa redio ile waweza kuwa umeungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, na simu itakayounganishwa nayo, pamoja na mkono unaoishika, itakuwa imeungwa vile vile. Redio ya namna hiyo haiunganishwi na chochote pasipo transfoma ya kuitenga. Kama haipo, na ibaki mezani pamoja na picha zake.